Nukta Pembeni mwa Njia

Umelkheri binti Dahmani hakupenda kuitwa mtaalamu. Ukimwita hivyo alikutazama kama umemtukana, kisha akakuuliza kama umekula. Hapa Tamanraset watu walimjua kwa jina jingine, binti Hamsini, na hilo alilikubali kwa sababu lilitoka kwa baba yake.

Hamsini ni mwendo. Mzee Dahmani aliendesha lori la njia ya magharibi, ile inayotoka hapa mjini, ikapita Sileti, ikakata jangwa mpaka Timiyawini karibu na mpaka. Maisha yake yote kwenye usukani hakuwahi kupita kilomita hamsini kwa saa, na chini ya hapo hakupenda kushuka. Alipeleka tambi, unga na sabuni, akarudi na kondoo. Madereva vijana walimpita wakipiga honi na kumtupia maneno.

"Hamsini! Kondoo wako watazaa kabla hujafika!"

"Wazae!" aliwajibu dirishani. "Mimi nitauza kondoo na wana wao. Wewe utauza vyuma chakavu."

Mtoto wake huyo mmoja alikulia juu ya paa. Mama yake, Rekia, alikuwa akimwita ashuke ale, naye anajibu kwamba bado kidogo, huku macho yakiwa magharibi akitafuta vumbi la lori. Baba akirudi, kabla hajanawa, binti ameshakaa kwenye kiti cha dereva akitaka asimuliwe safari. Dahmani hakujua hadithi za majini wala za wafalme. Alijua njia tu, basi akamsimulia njia.

"Upepo wa mchanga ukikukuta unafanya nini?" alimuuliza.

"Natoka njiani."

"Upande gani?"

"Kulia. Mbali, mpaka nisione alama za njia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyuma yangu kuna mwendawazimu haoni na hajapunguza mwendo."

"Halafu?"

"Nageuza pua ya gari kule ninakokwenda. Nazima. Nangoja. Upepo ukiisha mimi sitajua mashariki ni wapi, lakini gari litajua."

"Maashallah. Shuka sasa, nikanawe."

Nimeyasikia haya kutoka kwa Umelkheri mwenyewe, maana nilikaa naye chumba kimoja cha kazi miaka saba. Mimi ni mtu wa Wahran, wa pwani. Nilikuja huku kwa mkataba wa miezi michache, na hadi leo ninaulizwa nitarudi lini kwetu pwani, ambako wanasema chai hunywewa imepoa. Ofisi yetu ni vyumba viwili nyuma ya duka la matairi. Kampuni zenye mabomba na visima jangwani hutulipa tuangalie magari yanayopita karibu na mali zao, na sisi tunayaangalia kutoka juu, kwa setilaiti.

Watu wakisikia hivyo wanadhani tunaona sura za watu. Hatuoni sura ya mtu. Setilaiti hii haingoji jua. Inapiga mawimbi ya rada kuja chini na kusikiliza yanavyorudi, kwa hiyo usiku na mchana kwake ni mamoja, na vumbi linalotufunga sisi majumbani yenyewe haioni kama lipo. Lori kwetu ni nukta nyeupe kwenye uwanja wa kijivu.

Ina ujinga mmoja. Inaamini kila kilicho chini kimetulia. Kitu kikiwa kinatembea, mwangwi wake hurudi umepotoka, na setilaiti inakiweka mahali ambapo hakipo. Lori linalokwenda zake katikati ya njia linaonekana kwenye picha liko mchangani, pengine kilomita nzima pembeni. Kwenye njia ile ya magharibi, anayekuja mjini huonekana kusini mwa njia, na anayetoka mjini huonekana kaskazini. Kila mgeni wa kazi, siku yake ya kwanza, huuliza mbona madereva wote wa huku wamelewa.

Kazi yetu ni kuwarudisha. Unaishika nukta, unaivuta mpaka njiani, na umbali ulioivuta unakwambia gari lilikuwa na mwendo gani. Sisi tunaita kurudisha njiani. Ukikaa nayo miaka, mkono unafanya wenyewe. Ukiona nukta pembeni mwa njia, unaivuta hata kabla hujafikiri, kama mtu anavyonyoosha mkeka uliokaa upande.

Siku moja Mzee Dahmani alikuja ofisini na furushi la tende, akasimama nyuma ya kiti cha binti yake akiwa na kilemba cha vumbi na tumbo lake mbele.

"Nionyeshe mimi," alisema.

Umelkheri akamwambia setilaiti hupita kila Jumatano na kila Jumamosi asubuhi, akafungua picha ya wiki iliyopita, akamwonyesha nukta.

"Hiki kidoa? Mimi, na tumbo lote hili?"

"Tumbo halionekani, Baba. Lori ndilo linaloonekana."

"Na mbona umeniweka mchangani? Mimi sikutoka njiani siku ile."

Akamweleza. Mzee alisikiliza kwa makini sana, mdomo wazi kidogo. Bosi wetu, Bwana Hamu, ambaye hawezi kukaa kimya mahali penye mgeni, akaanza kuchora mishale ubaoni, na mzee akamwomba kwa adabu amwache mtoto amalizie.

"Kwa hiyo kinachotembea kinakudanganya," Dahmani alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nikitaka unione pale nilipo hasa, nifanyeje?"

"Simama."

"Nisimame? Hamsini asimame?" Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Haya. Siku nikikuhitaji nitasimama. Lakini usinicheleweshe, mimi si mtu wa kusimama."

Tulicheka wote. Tende zilikuwa nzuri, nilikula mimi nyingi kuliko nilizostahili.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, Dahmani alikwenda Timiyawini na mwenzake wa siku zote, Mbareki, mtu mkimya mwenye kikohozi. Siku ya kurudi kwao ilikuwa Jumanne. Jumatatu jioni upepo ulianza. Ninyi mliowahi kuishi huku mnajua nisemavyo: mbingu iligeuka rangi ya tofali, kuku wakaingia kulala kabla ya wakati, na Jumanne asubuhi sikuweza kuona duka la matairi nikiwa nimesimama mlangoni pake. Jumanne ikapita. Dahmani hakuja.

Simu ya setilaiti hakuwa nayo. Aliikataa kwa sababu askari wa njia ile wakikuta mtu na simu hiyo humwona mlanguzi, wakamshushia mzigo wote chini kondoo kwa kondoo. Binti yake alishagombana naye kwa hilo mara nyingi. Jeshi la polisi la jangwa liliahidi kutoka upepo ukitulia, na kwa haki, katika upepo ule hata ndege wa angani walikuwa wamekaa chini.

Jumatano asubuhi Jelul, mtoto wa ami yake Umelkheri, alipakia madumu ya maji kwenye pikapu yake mbele ya nyumba ya Rekia. Alikuwa na ndugu wawili, kamba, majembe na mbao za kutolea magurudumu mchangani. Waliamua kwenda hivyohivyo, polepole, taa zikiwa zimewashwa.

Asubuhi hiyohiyo setilaiti ilipita, na picha ikatufikia.

Nilikuwa nimeketi kando ya Umelkheri. Hakuvua hata shungi la vumbi. Alifuata njia kutoka Sileti kwenda magharibi, kidole kikitembea kwenye skrini, na katika utupu wote ule, mbali sana kutoka Sileti, kulikuwa na nukta moja tu. Ilikuwa kusini mwa njia, kilomita moja hivi. Ukubwa wake ulikuwa wa lori.

"Kusini," alisema. "Anakuja."

Akaishika, akaivuta njiani. Hesabu ikatoka. Akageuka kunitazama, na tangu nimjue sikuwahi kumwona uso ule.

"Hamsini," alisema. "Soma. Inasema hamsini!"

Bwana Hamu akainama karibu na skrini, akakunja uso. "Mbona imekaa safi hivi? Kitu kinachotembea si huchuruzika kidogo kwenye picha, mwendo ukipanda na kushuka?"

"Huyo ni baba yangu," Umelkheri alisema, huku ameshashika simu. "Haongezi, hapunguzi. Unataka achuruzike wapi?"

Hamu akanyoosha mikono juu kukubali kushindwa. Nani angebishana? Gari moja tu kwenye njia ile, upande wa wanaokuja, na mwendo wa mtu mmoja tu duniani. Mimi mwenyewe nilishukuru Mungu kwa sauti.

Jelul alipokea injini ikiwa inanguruma.

"Zima gari, kaka," Umelkheri alimwambia. "Nimemwona. Anatembea, anakuja. Mkienda sasa mtapishana naye vumbini au mtagongana uso kwa uso. Mwache aje."

"Una hakika, dada?"

"Nimemwona, Jelul!"

Nyumbani Rekia alipiga vigelegele peke yake uani, mchanga ukimwingia mdomoni. Alichinja mbuzi. Alisema Dahmani akija atakuta nyama imeiva, na akichelewa zaidi asinune kwamba haikumngoja.

Jumatano jioni hakufika. Umelkheri alisema upepo unamzuia, ameshusha mwendo. Alhamisi jioni Jelul hakuuliza mtu, akawasha pikapu, na Umelkheri akamkimbilia mpaka dirishani.

"Mkatafute kati ya Sileti na pale nilipomwona," alimwambia. "Pale penyewe msipoteze muda. Aliondoka pale tangu jana. Kama amekwama, amekwama mbele, upande huu."

Na wakatafuta. Ijumaa nzima wale vijana watatu walipekua kila korongo na kila lundo la mawe upande huu wa nukta, macho yamevimba, wakipiga honi na kuzima injini wasikilize. Upepo ulikuwa umeanza kulegea. Walifika karibu kabisa na pale alipowaambia wasipoteze muda, wakageuza, wakarudi kupekua upya.

Jumamosi hatufanyi kazi. Tulifungua ofisi sisi watatu, Hamu akiwa na ufunguo. Setilaiti ilikuwa imepita tena. Picha ilishuka polepole kama inavyofanya siku ukiwa na haraka, mstari kwa mstari, na Umelkheri alikuwa amesimama, hakutaka kiti.

Nukta ilikuwa palepale. Kusini mwa njia, kilomita moja. Aliiweka picha ya Jumatano juu ya picha ya Jumamosi, na nukta mbili zikawa moja.

Niliona mkono wake ukienda kwenye nukta kuishika, kwa mazoea, kisha ukasimama hewani.

"Kulia," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Mbali, mpaka nisione alama za njia."

Nilichukia mashine ile siku hiyo, na ninaichukia hadi leo, ingawa inanilisha. Haikuwa imekosea. Ilikuwa imemwonyesha mtu pale alipo, sawasawa, na sisi tukamhamisha. Mtu yeyote asiyejua kazi yetu angeitazama picha ya Jumatano na kusema, lile pale, liko mchangani, nendeni. Ilihitajika miaka yote ya ujuzi kumkosa.

Jelul, aliyekuwa amerudi Sileti kulala, tulimpigia simu, akafika penye nukta baada ya mwendo wa saa nne. Lori lilikuwa limezama mchangani mpaka kwenye ekseli, na pua yake ilielekea mashariki, nyumbani, limenyooka kama limepimwa kwa uzi. Upepo ulipowakuta walitoka njiani kama inavyotakiwa. Asubuhi yake walijaribu kutoka, klachi ikaungua. Pipa la maji lilikuwa limepasuka kwenye maungio tangu kwenye mawe ya Timiyawini, na walipogundua lilikuwa limebaki na kiasi cha kulowesha kitambaa. Walibaki na kiriba kimoja kidogo. Kondoo walikuwa wamekufa karibu wote. Dahmani alikuwa chini ya lori, kilemba kimefunika uso. Alikuwa amekufa alfajiri ya siku hiyohiyo. Mbareki alikuwa kando yake, anapumua.

Tulimzika Sileti, maana joto halikuruhusu kumleta mjini. Umelkheri aliwaambia wanaume wazi, mbele ya kaburi, kwamba alimwona Jumatano na akadhani anatembea. Wengi hawakuelewa. Walimwambia ni kudra. Jelul alielewa, akatazama pembeni.

Siku za matanga Umelkheri alihudumia wageni kama kawaida, akiuliza kila mtu kama amekula. Nilimletea Rekia mfuko wa sukari na majani ya chai, nikakuta amekaa uani kwenye mkeka na binti yake, Jelul anapika chai kwenye jiko la mkaa. Mbareki aliingia akishikwa mkono na mkewe. Walikuwa wamemruhusu hospitalini siku ile. Midomo yake ilikuwa imepasuka na sauti haikuwa sauti, lakini alitaka kusema, na mtu mkimya akitaka kusema watu hunyamaza.

"Rekia," alisema, "nimekuja kukwambia habari za mwenzangu, ili usizisikie kwa watu wa sokoni. Hakuhangaika. Alikuwa na moyo mpaka mwisho."

"Sema, ndugu yangu."

"Mimi nilitaka kutembea. Kuna wafugaji kusini ya pale, kwenye bonde la migunga, tuliona moshi wao tulipokuwa tunakwenda. Nikamwambia Dahmani, jua likizama twende, tunafika kabla hapajakucha. Akakataa."

"Alikataa kwa nini?"

Mbareki akamgeukia Umelkheri, na akatabasamu, midomo ikatoka damu kidogo. Alikuwa amemletea zawadi, masikini. Alidhani anampa kitu cha kumfariji.

"Alisema, Umelkheri ananitazama. Jumatano ilipofika aliingia chini ya lori akatulia kabisa, akanikataza hata kuwasha injini, hata kulisukuma. Akaniambia, usinichanganyie mtoto, Mbareki, kinachotembea humpoteza. Alishanifundisha, nikitaka anione nilipo nisimame. Na mimi nimesimama. Atakuja." Akakohoa muda mrefu, mkewe akamfuta mdomo. "Kiriba tulikuwa tunapokezana. Alhamisi akaanza kunisukumia mimi tu. Akasema, wewe kunywa, mimi wangu wako njiani."

Jelul aliacha kumimina. Chai ilikuwa imejaa glasi, inamwagika kwenye sinia.

Rekia alilia, lakini kilio cha mtu aliyepewa kitu. Akamshika binti yake mkono kwa mikono yake miwili.

"Umesikia baba yako? Umesikia alivyokuamini?" alisema. "Na ulimwona. Si ulikuja Jumatano ukaniambia umemwona?"

"Nilimwona, Mama."

"Alikuwa amesimama, kama anavyosema Mbareki?"

Mimi nilitazama mkeka. Nilitamani adanganye, na nadhani Jelul pia alitamani.

"Alikuwa amesimama," alisema Umelkheri. "Mimi ndiye niliyemtembeza."